Ukurasa wa Mwisho wa Faili

Nilinyamaza kwa makusudi. Naanza na hilo ili msomaji asije akanihurumia kabla hajajua nilichofanya.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na mitatu katika shamba la maua karibu na Ziwa Naivasha, upande ule ambao ukitoka nje ya ofisi unauona mlima Longonot bila kuutafuta. Shamba letu lilikuwa la waridi, na lilikuwa na banda refu la kufungia maua ambamo wanawake wa mtaa wa jirani wa Karagita walisimama kutwa wakipanga mashina kwa urefu. Kilichonitofautisha na wenzangu ni Kirusi. Nilikipata ujanani, nilipoenda Urusi kwa ufadhili kusomea kilimo. Mwaka mzima wa kwanza walitufundisha lugha tu, mpaka nikaanza kuota nikiongea na ng'ombe wetu kwa Kirusi. Nilirudi na shahada ambayo hakuna aliyejua aipime vipi, nikazunguka Nakuru na bahasha yangu hadi viatu vikaisha soli. Kisha shamba likapata mnunuzi Mrusi, na mwenye shamba akakumbuka kusikia habari za mwanamke wa Kabazi anayejua lugha hiyo. Banda zima likaniita Mama Mrusi.

Mnunuzi huyo ndiye kiini cha mambo haya. Siku ya kwanza alipopiga simu, kabla hata ya kuuliza habari za waridi, aliniuliza baba yangu anaitwa nani. Warusi wakitaka kumpa mtu heshima humwita kwa jina lake pamoja na la baba yake, na yeye hakuona sababu ya Mkenya kunyimwa heshima hiyo. Akalichukua jina la baba, akalitilia mkia wa Kirusi, na tangu siku hiyo hakuniita vingine. Baba alikuwa mkulima wa viazi. Alifariki nikiwa mwaka wa tatu kule ng'ambo, na nauli ya kuja kumzika haikupatikana. Kwa hivyo kila wiki mtu ambaye sijawahi kumwona uso kwa uso alilitamka jina la baba yangu katika sikio langu, na mimi nikajibu, naam, ni mimi.

Aliniamini kwa sababu moja. Msimu mmoja mvua ilizidi, kuvu ikaingia katika waridi, na vichwa vikaanza kuoza ndani ya maboksi. Sisi hapa tumelelewa kulainisha mambo. Ukiulizwa mzigo umefika wapi, unasema uko njiani hata kama haujafungwa. Wala hatuuhesabu kuwa uongo. Ni adabu, unampa mwenzako nafasi ya kutokasirika. Mrusi yule aliona adabu hiyo kuwa dharau. Mimi nikampigia nikamwambia, bila salamu, "Maua ya leo ni mabovu. Usiyachukue." Akasema, "Asante. Sasa najua naongea na nani." Kutoka hapo hakununua kwingine.

Mwenye shamba, mzee mpole asiyependa kelele, alikuwa ameniahidi kwamba siku shamba litakapofungua meza ya soko la Urusi, yaani kitengo cha kuuzia huko, meza hiyo itakuwa yangu. Niliingoja miaka mingi. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sioni haya kusema hivyo.

Ndipo akaletwa meneja mpya wa mauzo kutoka Nairobi, mwanamume mwenye meno mazuri na maneno mengi. Wiki ya pili alituita akatuambia kwamba maarifa yakikaa katika kichwa cha mtu mmoja ni hatari kwa kampuni. Tuyagawane. Kila Alhamisi baada ya chai ya saa kumi, mtu afundishe wengine anachokijua. Nilimwona kuwa mtu wa maana. Wa kwanza kufundisha nikawa mimi, na kwa kweli sikufika mahali nikampa mwingine zamu.

Nilifundisha miezi miwili. Ukurasa wa kwanza wa maelezo yangu ulihusu habari mbaya: itangulize, usizunguke, usitabasamu. Chini yake niliandika sentensi tatu za Kirusi kwa herufi zetu, ili hata asiyejua lugha aweze kuzisoma: Nimekosa. Sikujua. Naomba radhi. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba maua ya mtu aliye hai huhesabiwa kwa namba isiyogawika kwa mbili, kwa kuwa zinazogawika ni za kaburini. Niliandika kwa nini hawapendi kusalimiana kwa mkono juu ya kizingiti, na kwa nini Mrusi akikaa kimya kwenye simu hamaanishi hasira. Wasimamizi wa banda waliandika. Mkaguzi wa ubora aliandika. Meneja alirekodi kwa simu yake na kunisifu mbele ya watu.

Somo la mwisho lilikuwa lihusu siku za kuzaliwa. Nilikuwa nimeliandika tayari, ukurasa wa kumi na moja, liko ndani ya mkoba. Jumatatu ya wiki hiyo nikaingia ofisini kwa mwenye shamba kupeleka ripoti, nikaikuta faili mezani pake. Jalada lake liling'aa, limeandikwa mwongozo wa kufanya biashara na Warusi. Chini yake lilikuwa jina la meneja, peke yake. Nikafungua. Ni maneno yangu, hata koma zangu.

Mzee aliniona nikisoma. "Huyu kijana amefanya research ya maana," akasema. "Nimempatia ile desk ya Russia. Wewe utamsaidia-saidia pale kwa banda, uangalie labels zake. Si ni sawa?"

Nikasema ni sawa. Ndivyo nilivyolelewa.

Sikulia. Nilienda chooni nikasimama mbele ya kioo, na kilichonijaa kifuani hakikuwa huzuni hata chembe. Nilitaka kumwona yule mtu akiaibika, na nilitaka niwe karibu nione vizuri. Alhamisi ilipofika nikasema koo linauma, somo likaahirishwa, na halikufanyika tena. Ukurasa wa kumi na moja ukabaki mkobani.

Uliandikwa hivi. Kwanza, Mrusi hapongezwi siku yake ya kuzaliwa kabla haijafika, hata kwa saa moja; ni kumwitia balaa. Pili, mwanamume akitimiza miaka arobaini hafanyiwi sherehe kabisa, kwa sababu kwao arobaini ni hesabu ya maiti, siku ambazo roho ya marehemu inazunguka kabla ya kwenda zake. Na rafiki yangu wa kwenye simu alikuwa anatimiza arobaini mwezi huohuo, siku ya Jumapili.

Tarehe hiyo ilikuwa kwenye kumbukumbu za wateja. Meneja aliiona, macho yakamng'aa. Akanifuata bandani nikiwa nabandika lebo.

"Madam, huyu customer wetu anafika forty," akasema. "Tunamfanyia kitu kubwa, lakini Sunday hatuko kazini, so tutatuma Friday. Niambie, kuna kitu yoyote hukuweka kwa ile file? Kitu umeacha?"

Alikuwa ameniuliza waziwazi, na lazima nimpe haki yake kwa hilo. Nilimtazama machoni nikamwambia, "Hakuna."

Ijumaa saa tisa kazi ilisimamishwa. Katikati ya banda waliweka kiti, juu ya kiti picha ya Mrusi iliyokuzwa na kutiwa fremu, na kuizunguka picha wakapanga waridi nyekundu arobaini, moja kwa kila mwaka. Ukurasa wa tatu ulikuwa ndani ya faili yenye jina la meneja, na meneja hakuwa ameusoma. Kulikuwa na keki yenye namba arobaini kwa krimu. Wanawake wapatao sitini wakasimama kwa safu na aproni zao za kijani. Mmoja aliyekuwa karibu nami akanong'ona, "Mama Mrusi, hii si inakaa matanga?" Nikamwambia anyamaze, aimbe.

Wakaimba, na waliimba vizuri. Kisha, kwa kuwa huku kwetu mwenye siku ya kuzaliwa lazima amwagiwe maji, na mwenyewe yuko mbali, mkaguzi wa ubora akainua ndoo akaimwagia ile picha. Maji yakateremka usoni mwa Mrusi wa watu. Meneja alikuwa anarekodi huku akicheka. Nami nilicheka, nilicheka hadi mbavu zikauma, na watu wakadhani nimefurahia sherehe. Video ikatumwa kabla hatujaimaliza keki.

Jibu lilikuja Jumamosi asubuhi. Sentensi moja. Meneja alinijia na simu mkononi, akaniomba nimtafsirie.

"Anauliza nani amekufa," nikasema.

Kama kuna utamu niliowahi kuonja katika kazi, ni ule. Meno yake mazuri yalipotea. Akauliza kama Mrusi amekasirika, na kosa liko wapi. Hapo ndipo nilipomfundisha somo la mwisho. Nilimsomea ukurasa wa kumi na moja kutoka kichwani, polepole: kuhusu siku ambayo haijafika, kuhusu arobaini, kuhusu picha iliyozungushiwa maua. Nikamkumbusha kwamba ukurasa wa tatu ni wake, jina lake liko pale. Alisikiliza hadi mwisho. Nilimngoja anilipukie, kwa sababu nilikuwa na maneno mengine niliyomwekea.

Hakulipuka. "Ulikuwa unajua," akasema, si kwa kuuliza. Akaingia ofisini kwake akafunga mlango.

Ukuta wa ofisi ile ni mbao nyembamba. Nikamsikia akifungua faili. Nikamsikia akipiga simu. Halafu nikasikia Kirusi kikitoka katika kinywa cha meneja, kibovu, kimekatikakatika, kila neno likisomwa kama mtoto wa darasa la kwanza asomavyo ubaoni. Nimekosa. Sikujua. Naomba radhi. Hakutanguliza salamu wala hakuzunguka. Hata sauti yake haikuwa na tabasamu.

Ulikuwa ukurasa wa kwanza, maneno yangu mwenyewe, pamoja na alama ndogo nilizoweka mahali pa kukaza sauti.

Jumatatu mzee aliniambia, akicheka, kwamba mambo yametengenea. Mrusi aliulizwa kama angependa kuhudumiwa na mtu mwingine, akasema hapana, huyo anayekosa na kukiri anamtosha. Wiki tatu nilizolala na ule ukurasa, na mtu ameokolewa na karatasi niliyomwandikia kwa mkono wangu.

Jumanne simu yangu ililia. Nilikuwa nje ya banda, kwenye kivuli cha tangi la maji. Nilipoiona namba ya Mrusi moyo ulipiga kwa furaha, maana nilisadiki kwamba amenipigia tumcheke meneja pamoja. Nilikuwa hata nimeandaa jinsi ya kuisimulia ile ndoo.

"Miaka yote hii," akasema, "hukuwahi kunipongeza kabla ya siku yenyewe."

Nikasema ni kweli.

"Na mwaka huu uliinyamazia kabisa siku yangu, kwa sababu ya arobaini."

Nikasema ndiyo.

"Kwa hivyo ulijua. Ulikuwa hapo. Nimekuona kwenye video, nyuma ya wale wanawake. Unacheka."

Sikuwa nimefikiria kwamba kamera ilinifikia. Nikaanza kumweleza habari za faili, jalada, jina, meza niliyoahidiwa. Nilieleza vizuri, Kirusi changu hakijawahi kunitiririka vile. Alinisikiliza hadi nikaishiwa.

"Umeonewa," akasema. "Yule ni mwizi, na wewe ungeniambia hivyo siku ileile, ningempigia mzee wako siku ileile. Lakini yeye alikosa kwa kutojua. Mimi nilikuwa na mtu mmoja tu Afrika nzima aliyekuwa akiniambia kitu kibovu kabla hakijanifikia."

Kisha akaniaga. Aliniaga kwa adabu zote, akitumia neno lao la "bibi" linaloandikwa juu ya bahasha za serikali, na baada yake jina la ukoo wangu, lile ninalotia kwenye lebo za maboksi, bila la baba. Simu ikakatika. Mkaguzi wa ubora alikuja akaniuliza kama nimepata habari mbaya kutoka nyumbani, nikamwambia ni jua.

Niliacha kazi mwisho wa mwaka huo nikarudi Kabazi, na sasa nalima mahali baba alipolima. Meneja bado yuko kwenye ile meza. Nasikia amejifunza Kirusi cha kutosha kuagiza chai. Sijamsamehe, wala sina mpango huo; nikikumbuka uso wake ile Jumamosi asubuhi bado napata raha, na nikiulizwa tena leo kama kuna kitu nimeacha, sijui kama nitajibu vingine. Ukurasa wa kumi na moja ninao ndani ya kamusi. Majirani huku wananiita Mama Mrusi, watoto wananiita shosho, yaani nyanya, na benki wananiita madam. Jina la baba hakuna anayeniita nalo.