Kompyuta Isiyohema

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilishuka basi Nzuguni nikitokea Morogoro, vumbi la Dodoma likanipokea bila kujali nimevaa nini. Nilikuwa nimekuja kumwokoa mama yangu asihamishwe nyumbani kwake.

Tangu baba afariki, kaka yangu Lameki alitaka mama akaishi naye Dar es Salaam. Mama hakutaka hata kusikia. Alikuwa na mizabibu yake nyuma ya nyumba, alikuwa na jumuiya yake ya sala, na joto la pwani alilisema kama watu wanavyomsema mkwe mbaya. Mwishowe tukakubaliana: tufunge kamera, sisi watoto tuwe tunamwona kwenye simu. Akionekana yu salama, anabaki. Asipoonekana, Lameki anakuja na gari kumchukua.

Kazi ya kuchagua kompyuta ya kupokea na kutunza picha za kamera nikapewa mimi, kwa sababu nilisoma chuo kikuu. (Nilisomea historia, lakini katika familia yetu shahada ni shahada.) Nilikuwa kijana, na kijana akiingia dukani macho huenda kwenye kikubwa. Nikanunua kompyuta ya mezani yenye feni kibao na taa zinazobadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Mashine ya kutengenezea filamu nikaipa kazi ya kutazama geti.

Mwanzoni picha zilikuja vizuri. Halafu zikaanza kukatika. Unamwona mama amejifunga khanga, anachukua kikapu, kisha giza. Mchana kutwa giza. Lameki akanipigia: "Mdogo wangu, simwoni mama. Jumamosi nakuja. Mwambie afungashe."

Ndiyo maana nikapanda basi. Nilimkuta kwenye mizabibu yake, akikata zabibu kwa mkasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko Morogoro hakuna ugali?"

"Mama, kompyuta imeharibika?"

"Haijaharibika. Nimeizima. Nilikuwa natoka."

"Lakini mama, ukitoka ndiyo inatakiwa iwake!"

Akashusha mkasi. "Nitoke, niache kitu kinawaka ndani ya nyumba yangu? Nilikulea hivyo?"

Wewe mwenyewe umekulia kwenye nyumba ya LUKU, uniti zikiisha ni giza, unajua. Kabla ya kutoka, mama huzunguka akizima swichi zote ukutani, hata ile ya pasi ambayo haijachomekwa. Na kwa mashine yangu, uniti zilikuwa zinaisha huku anazitazama.

"Halafu inahema," akaongeza, safari hii kwa huruma. "Kama ng'ombe aliyeswagwa kutoka mnadani. Nikikaa naisikia inateseka. Naipumzisha." Akanitazama. "Ulinunua kitu cha kukufurahisha wewe, mwanangu. Hukuniuliza hapa tunaishije."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejitetea.

Kesho yake nikaenda mjini na maswali mengine. Sikuuliza tena ipi ina nguvu. Niliuliza ipi inakula umeme kidogo ikiwa imewaka tu, ipi haina feni ya kunyonya vumbi letu, ipi inajiwasha yenyewe umeme ukikatika na kurudi. Nikarudi na kijikompyuta cha ukubwa wa Biblia, na betri ya kukishikilia, pamoja na kifaa cha intaneti, umeme ukikatika. Kwa kamera chache za nyumba moja, kinatosha na kubaki.

Mama akakiwekea kiganja. "Kimelala?"

"Kinafanya kazi, mama."

Hakuniamini. Akaenda kutazama mita, akaendelea na shughuli zake, akarudi kuitazama tena, akaenda, akarudi. Mwishowe akasema, "Hiki kina adabu." Na Jumamosi asubuhi, alipokuwa anatoka kwenda jumuiya, alizunguka akizima swichi zote kama kawaida. Alipofika kwenye ile ya kijikompyuta alisimama. Mimi nilikuwa mlangoni, namtazama. Akaipita.

Lameki alikuwa njiani kuja, ameshafika Kibaigwa, amesimama kunywa chai. Akafungua simu na kumwona mama anarudi, kikapu mkononi. Mama akasimama chini ya kamera ya geti, akainua uso na kusema neno. Kamera zile hazikuwa na sauti, lakini mtoto wa Mgogo anaijua midomo ya mama yake: "Mbukwenyi." Alikuwa anatusalimu.

Lameki alikuja hata hivyo. Alikula, akalala, akarudi Dar na ndoo za zabibu kwenye kiti alichokuwa amemwandalia mama.

Sasa wewe, ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa, umeanza kazi na unataka kuwafungia wazee wako kamera. Usianzie dukani. Kaa nyumbani kwao kwanza, uone nani anazima nini na saa ngapi, kisha utafute mashine itakayoishi humo bila kumnyima mwenye nyumba usingizi wala uniti. Waulize pia wasingependa kamera itazame wapi. Mama alinitolea ile ya sebuleni, akasema wageni wake hawaji kupigwa picha. Na usipokee simu yao kwa kusema, "Nimekuona leo." Kuonwa si kutembelewa. Nenda.

Mungu akupe wazee wa kuwaangalia kwa miaka mingi. Akupe na nauli ya kuwafikia, na kila ufunguapo simu yako, uwakute wako getini, wanakusalimu.