Wamekuja kumwombea aliyemgonga mama

Leo wazee wamepanda hadi kwetu Ilemela kumwombea msamaha mlevi aliyemgonga mama yangu na gari.

Wamekuja na sukari na kitenge. Mama kakaa kibarazani, mguu una plasta mpaka pajani.

Nikawaamkia shikamoo, nikawapa viti. Adabu kwanza, si ndiyo?

Mkubwa wao akaanza: "Mwanangu, haya tuyamalize kifamilia. Mama asiende kutoa ushahidi. Kijana wetu akifungwa, au akinyang'anywa leseni, watoto wake watakula nini?"

Nikamjibu, "Mzee, trafiki walimpima wakamkuta amelewa. Kesi ni ya Jamhuri, siyo yetu kuifuta."

"Pombe ameshaacha," akaapa. "Hata leo katuleta mwenyewe."

Katuleta mwenyewe!

Nikatoka kuchungulia. Jamaa yuko kwenye usukani, macho mekundu, ananuka bia. Hata kushuka kumpa mama pole kashindwa.

Nikampigia trafiki palepale. Nimekosea? Semeni.

Wazee wakaaga. Jamaa akaanza kugeuza gari, na kwetu mnapajua, mawe na mteremko. Akarudi nyuma, puu! Kapanda jiwe, tairi moja linaelea hewani.

Wazee wote wakagoma kupanda. Wakasema watashuka kwa miguu watafute bodaboda.

Yule mkubwa wao bado akageuka: "Lakini lile ombi letu mlifikirie."

Mama akamwambia:

"Panda gari lake kwanza, mzee. Ukifika salama, nami nitafikiria."