Fundo la Chumvi la Bi Shekha

Marehemu Bi Shekha binti Awadh, jirani yetu wa Malindi, hakumwamini mtu. Samaki hamnunui mpaka amfunue mashavu kwa mkono wake, na akialikwa karamuni husubiri wenzake watangulie kula. Mumewe alipofariki alimlea mwanawe Msellem kwa kuuza mahamri, na kwa bidii sikuona wa kumshinda. Lakini kwa shaka! Ungemwambia kumekucha, angetoka nje kuhakikisha.

Aliyemshuku kuliko wote ni mkaza mwanawe, msichana wa Kigiriama kutoka Ganda. Kwao aliitwa Kanze. Alipoolewa alisilimu, akapewa jina la Mwanakombo. Bi Shekha alikataa katakata kulitamka jina hilo. Alimwita Kanze kila siku, tena mbele ya wageni, nami iliniudhi sana.

Miaka michache kabla ya vita vya Mwingereza na Mjerumani, Bi Shekha alianza kuumwa na kisogo. Macho yakaingia ukungu, uso ukawa unavimba asubuhi. Akaumikwa chuku kutolewa damu, akapata nafuu, kisha maumivu yakarudi pale pale. Ndipo Msellem akamleta Daktari Fakhruddin, Mhindi wa Kibohora aliyerudi kutoka masomoni Bombay na chombo kipya. Bi Shekha hakukubali kuonekana, basi pazia likateremshwa, naye akatoa mkono tu. Daktari akaufunga kitambaa, akakijaza pumzi kwa kubonyeza mpira, huku akitazama zebaki ikipanda ndani ya kioo.

"Anaubana mkono wangu atafute nini?" Bi Shekha akauliza nyuma ya pazia. "Kama ni damu yangu aitakayo, aseme."

Daktari akaufungua ule mkono. Aliomba mkojo wa mgonjwa, akauchemsha, ukafanya ukungu mweupe. Kisha akamwita Msellem barazani.

"Damu yake inapiga kwa nguvu mno," alimwambia. "Nadhani mishipa ya kwenye mafigo imekuwa myembamba. Siwezi kuipanua, wala simjui awezaye. Apumzike, na chumvi asionje hata chembe. Asipoiacha atapofuka, au ataanguka ghafla."

Msellem, mwanamume mzima mwenye kifua kama mlango, alimwogopa mamake. Akamwambia mkewe, "Usimwambie kitu. Akijua ni amri ya daktari ataila kwa kusudi. Wewe pika tu." Kisha akaenda zake Lamu kwenye biashara, akamwachia mkewe mzigo wote. Ningekuwa mimi mkewe, ningemfukuza kwa mwiko hadi pwani.

Mchana ule Bi Shekha alitia tonge mdomoni, akaacha kutafuna. Mchuzi haukuwa na chumvi. Wali vilevile. Na mjini kwetu nani asiyejua chakula cha namna ile hupikiwa nani? Sinia la pepo halitiwi chumvi, maana hawaipendi. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Akamtazama mkaza mwanawe akila chakula kile kile bila kunung'unika, na badala ya kutulia akazidi kushuku. Huyu keshakuwa wao, akawaza, sasa anataka kunifanya mimi kiti chao, wanipande kichwani.

Alinunua chumvi ya mawe, akaifunga fundo kwenye pindo la leso yake. Kila baada ya chakula alijificha akaramba, na kabla ya kulala aliweka punje chini ya ulimi. Maskini, alikula chumvi kuliko alivyopata kula maishani mwake, akidhani anajikinga.

Msellem aliporudi, mamake alikuwa haoni tena kwa jicho la kushoto. Mimi nilikuwapo, nimekwenda kumjulia hali.

"Mwache huyu," Bi Shekha akamwamuru mwanawe, akimnyooshea kidole mkewe. "Ananilisha chakula cha mashetani. Umwache leo hii, au mimi si mamako."

Jitu zima lile likasimama linatazama mkeka. Niliona midomo yake ikianza kutafuta maneno ya talaka.

"Na lau si hii," Bi Shekha akaendelea, akilifungua fundo kwa majivuno, "ningekuwa nimekwisha pagawa!"

Msellem akaiona chumvi. Uso ukamsawijika. "Mama, umekuwa ukila hiyo?"

"Kila siku. Ndiyo iliyoniweka hai."

Hapo ndipo Msellem alipopata ulimi. Akaeleza yote, mafigo, mishipa, katazo la daktari, na jinsi alivyomfunga mkewe mdomo.

"Mmekula njama," Bi Shekha akasema. "Wewe, yeye na huyo Bohora."

Mwanakombo akapiga magoti mbele yake. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti ilikuwa ya hasira. "Mama, kama ningetaka ufe, ningekutilia chumvi."

Bi Shekha akamkazia lile jicho lililobaki. Akamtazama muda mrefu, kama aliyeshika samaki anatafuta pameoza wapi. Kisha akainuka kwa shida, akajikokota hadi uani, akaikung'uta leso yake mpaka punje ya mwisho. Akarudi kuketi mkekani.

"Mwanakombo," akasema, "nipe maji ninawe. Nina njaa."