Sio Kona Iliyomuua Kemunto

Ndugu zangu, mmeniita niseme jinsi Mungu alivyoniponya, hapa hapa kwenye kona mliyokuja kuiombea. Nitasema, ila huenda msipende.

Nilikuwa muuza ndizi wa Masimba. Nilikuwa na nguvu, jamani! Mkungu mzima niliubeba kichwani huku naimba, na dada yangu Kemunto akinicheka eti naimba kama mbuzi. Siku ya soko tulipanda lori kwenda Kisii, tukaketi juu ya ndizi kama kawaida yetu. Kabla ya kupanda, Kemunto aliangalia tairi la nyuma. "Hili limeisha, nyuzi zinaonekana." Dereva akacheka: "Panda, mama. Litafika tu."

Halikufika. Mvua ilikuwa imenyesha. Hapa lori liliteleza, likapinduka, mikungu ikatufunika. Mfupa wa paja langu ulitokeza nje ya ngozi. Nilimwita Kemunto, hakuitika.

Hospitalini walinitundika mguu kwa kamba. Kidonda kikaoza, kikanuka mpaka mimi mwenyewe nikaziba pua. Daktari akamwambia mama, "Huenda tukaukata." Mama akasema, "Ngojeni kwanza." Akakaa kando yangu akiomba, akinisafisha choo kama mtoto mchanga. Nikapona. Mguu ni mfupi, lakini ni wangu. Namshukuru Mungu, na mama, na wauguzi wale.

Mwandishi wa gazeti alikuja wodini. Nikamweleza yote: tairi, watu kukalia mzigo. Akaitikia, akaandika. Gazeti lilipotoka, muuguzi akanisomea: "Kona ya Mashetani Yaua Tena." Tairi halikutajwa kabisa! Nililia kuliko nilivyolilia mfupa. Dereva hakuulizwa kitu. Baadaye lori lile lile likaua wengine karibu na Mosocho, mahali barabara imenyooka. Inaniuma mpaka leo. Dada yangu tulimzika, kilichomuua kikaachwa kiendelee na kazi.

Tunataka sheria izuie malori kubeba watu hivi. Itatoka wapi, kama kila siku tunashtaki mashetani? Mwambieni chifu tairi. Mwambieni mwandishi tairi, na asipoliandika, mrudieni.

Sasa mchungaji, unisamehe. Mlipokuwa mkiimba, nililizunguka lori lililowaleta. Tairi la nyuma, nyuzi zinaonekana. Tuombe mpaka mwisho, nami nitasema amina. Lakini nyumbani naenda kwa miguu, polepole, mguu wenyewe ndio huu. Anayetaka kufika, tuandamane.