Salamu Kwenye Dirisha Jeusi

Baba alikuwa na sauti ya kuvuka bonde. Alikuwa nyapara katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho, na asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia majani, hata wachumaji ambao hakuwaona walimsikia. Walikuwa Wakipsigis wenzetu, Wakisii, na Wajaluo kutoka ziwani, na Baba alimsalimia kila mmoja kwa lugha yake kabla ya kumwonyesha mstari wa kuchuma. Wenye haraka zao walimcheka. Yeye alisema hawezi kumtuma mtu kabla hajajua ameamkaje.

Kwa hiyo kiharusi kilipomnyang'anya sauti, akiwa ameshastaafu na kurudi kwetu Bomet, nilikasirika kabla ya kuhuzunika. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia Mungu, nikaikasirikia hata redio kwa sababu yenyewe ilikuwa bado inaongea. Mkono wake wa kulia ulilala. Wa kushoto ulikuwa na nguvu, ila haukuwahi kushika kalamu. Ungeweza kubonyeza tu.

Kazi yangu ni kufundisha kompyuta katika chuo cha ufundi, basi nikamtengenezea programu. Haikuwa ya picha na rangi. Laptopu yangu kuukuu isingeweza kuibeba. Ilikuwa dirisha jeusi lenye maandishi tu, ya aina ile tunayowafundisha wanafunzi wageni: inaandika swali, inangoja mtu aandike jibu na kubonyeza Enta, kisha inalifanyia jibu lile kazi. Yangu iliandika kila kitu kwa herufi kubwa zilizopangwa kwa nyota ndogondogo, kila herufi na urefu wa kidole, ili Mama aweze kusoma akiwa mlangoni mwa jikoni bila kutafuta miwani.

Siku ya kwanza nilimwekea Baba mezani, nikaiwasha. Ikaandika: UNATAKA NINI? Kishale kikawa kinapepesa. Baba akaitazama, akanitazama mimi, akaurudisha mkono mapajani. Nikamwonyesha vitufe tena, polepole, kwa ile sauti ya darasani ambayo mimi mwenyewe siipendi. Akaisukuma laptopu kando, akageuza uso ukutani. Nilidhani ugonjwa umeshakula na akili. Nikatoka kwenda kulia katikati ya michai yetu.

Mama alinifuata huko na kikapu chake mgongoni.

"Hiyo kitu yako haina adabu," alisema. "Mtu akiingia kwa nyumba yako aanze tu kukuuliza unataka nini, wewe utamjibu?"

Nikarudi ndani, nikaongeza mstari mmoja juu ya lile swali. CHAMGEI, BABA. Hiyo ndiyo salamu yetu. Baba akasoma, na upande wa mdomo uliobaki hai ukapanda kidogo. Kidole kikatafuta jibu la salamu, herufi moja moja: Chamgei mising. Lakini hakuishia hapo. Akaendelea kuuliza kama ng'ombe tuliyemnunua sokoni Siongiroi amekula, na programu, ambayo ilijua jibu moja tu la salamu, ikamwambia amekosea, ajaribu tena. Akaisukuma kando kwa mara ya pili.

Basi nikaanza kuifundisha tabia za kwetu. Nikaifundisha kupokea salamu ndefu, herufi kubwa na ndogo zikichanganyika, nafasi zilizozidi pale kidole kilipochelewa kuinuka. Akiuliza habari za ng'ombe, imjibu kwamba ng'ombe amekula na yuko sawa. Baada ya hayo yote ndipo iulize anachotaka. Mwanafunzi akiniletea kazi ya namna hiyo nitamrudishia, nimwambie apunguze maneno.

Na Baba akasema. Chai, lakini si hii ya maji. Huyo jogoo auzwe, ana kelele. Mvua leo itaanzia Sotik. Siku moja, Mama akipita na ndoo, nyota zikaandika: UMECHOKA. KAA. Mama akasoma akiwa mlangoni, akauliza nani basi atakamua. Lakini alikaa.

Baba aliwahi kuniuliza kama ile kitu inaweka maneno yake. Nikamweleza kwamba yanaenda kwenye skrini tu, dirisha likifungwa yamekwisha. Akitaka yakae, nitaelekeza programu iyapeleke kwenye faili, ni kazi ndogo. Akafikiri. Isiweke, akaandika. Ni maneno ya nyumbani.

Basi haikuweka, na sasa haina kitu. Katika muda wote ule tulioongea zaidi kuliko katika maisha yetu mengine yote, sina neno lake hata moja isipokuwa haya ninayoyabeba kichwani. Nayatamani yote. Natamani hata ya jogoo.

Baba alifariki kabla ya mvua ndefu. Tangu tumzike, Mama hakumtaja. Hakuwahi kumwita kwa jina, Baba kwake alikuwa "yeye" siku zote, lakini sasa hata hilo liliisha. Wanawake wa kanisa walikuja, akawapa chai na kuwasikiliza. Alichuma, alikamua, aliongea habari za mbolea. Nikimgusia Baba, alikumbuka kitu alichoacha motoni. Nilimhitaji anisaidie kumkumbuka. Peke yangu nilikuwa nashindwa.

Jumamosi moja alasiri, mvua ya mawe ikipiga mabati, nilitoa laptopu nihamishe mafunzo yangu. Nikaiona ile programu, nikaiwasha. CHAMGEI, BABA. Kishale kikawa kinapepesa. Programu kama hii haichoki kungoja, itakaa hapo mpaka umeme uishe. Kuna vitufe viwili unavibonyeza pamoja kuiambia hakuna maneno zaidi yanayokuja. Huwa nawafundisha wanafunzi jambo hilo mapema kabisa. Niliviwekea vidole, nikashindwa kubonyeza.

Mama alitokea jikoni na birika. Akasimama mlangoni, akasoma.

"Imesalimia, na wewe unanyamaza tu?"

"Si mimi imenisalimia, Mama."

"Sasa itakaa hivyo?"

Akaweka birika mezani, akafuta kidole kwenye leso, akakaa kwenye kiti cha Baba. Akaandika herufi moja moja, Chamgei mising, akabonyeza Enta bila kuniuliza iko wapi. UNATAKA NINI? Nilijua atainuka sasa, atakumbuka kitu motoni. Hakuinuka. Aliitazama ile kibodi kwa muda, kisha kidole kikaanza tena kutafuta.

Nyota zikashuka mstari kwa mstari: YEYE.

Nilivuta stuli nikakaa karibu naye. Mvua ilikuwa imepungua. Alimimina chai kwenye vikombe viwili, chake akakishika kwa mikono yote miwili bila kunywa.

"Mimi nilijua sauti yake kwanza," alisema. "Siku hiyo huko Kericho kulikuwa na ukungu, watu hawaonekani. Nikasikia mtu ananisalimia."