Mdogo Wake Nyanya Aliyeachwa Nje ya Kitabu

Kila nikifungua kitabu kipya na harufu ya gundi ikanipanda puani, namkumbuka Bwana Mwandishi (ndivyo alivyopenda kuitwa) na roho yangu inachafuka. Watu wa aina yake mnawajua. Aliandika riwaya moja tu maishani, nene kama tofali, juu ya historia ya watu wetu, na tangu siku hiyo akawa hatembei, anaelea.

Nilikuwa na miaka kumi alipokuja kwetu Isiolo kutafuta wazee wenye kumbukumbu. Siku nne nzima alikalia mkeka wa nyanya akinywa chai ya maziwa ya ngamia, kikombe baada ya kikombe, bila kuuliza kama sisi tumekunywa. Nyanya alisimulia kwa Kiborana, maana habari ile hakutaka kuisema kwa lugha nyingine. Mimi nikatafsiri, kwa sababu mheshimiwa huyu, mtoto wa Mborana, alikuwa ameiacha lugha ya mama yake Nairobi.

Nyanya alimweleza jinsi alivyotoka Garbatulla kwa miguu akiwa msichana, mdogo wake Guyo akiwa mgongoni, mpaka mtoto akamfia hapo hapo mgongoni. Alimchimbia kaburi kwa kipande cha sufuria. Sisi hakuwahi kutuambia. Alimwambia yule kwa sababu alitaka Guyo aandikwe.

Kitabu kilizinduliwa mjini. Nyanya alivaa nguo yake ya Idd, tukaketi mbele. Bwana Mwandishi akasoma kwa Kiingereza, kwa sauti ya kujipenda: safari ile ile, kaburi lile lile, ila sasa mchimbaji alikuwa babu yake mwenyewe, shujaa mwenye upanga. Guyo hakutajwa. Nilimnong'onezea nyanya yote, watu wakipiga makofi.

Nyanya akasimama, akasema kwa Kiborana, "Mtoto niliyemzika kwa mikono yangu, wewe umemfukua ukamtupa."

"Mama mzee anasemaje?" Bwana Mwandishi akauliza, akitabasamu kama mtu asiyewahi kumwona.

Nikatazama ukumbi uliojaa wakubwa.

"Anasema hongera."

Makofi tena. Nyanya akanishika mkono, tukatoka. Hakunigombeza, wala hakulitaja jambo lile hadi alipofariki.

Yule bwana namdharau mpaka leo, na wala sijutii. Lakini nilikuwa mtu mzima nilipotambua jambo moja: nyanya aliuza maziwa sokoni miaka mingi, kwa Kiswahili. Neno hongera alilijua vizuri sana.