Ua la Kilima Chetu Liliandikwa Kwingine

Nafundisha baiolojia sekondari, hapa hapa Mbozi, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya uainishaji wa viumbe natamani nijisingizie homa. Falme, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Naandika ubaoni, wanafunzi wanakariri, nami naongea huku nimenuna. Nawaambia kila kiumbe kilichochunguzwa kina jina la Kilatini la maneno mawili, na kwamba jina hilo linatambulika dunia nzima. Jinsi linavyopatikana nawaambia kwa ufupi tu, maana nikirefusha nitatukana.

Mama yangu alikuwa mchimbaji wa chikanda. Ni viazi vidogo vya maua ya porini, vinatwangwa, vinapikwa na karanga mpaka vinaganda, unakata vipande unakula. Wazambia wanavipenda kufa. Mama alifiwa na mume tukiwa wadogo, na kilima kimoja karibu na Hasamba ndicho kilichotulisha na kutusomesha. Kwa hiyo mtu asitegemee nikizungumzie kilima kile kwa upole.

Mama naye alikuwa na uainishaji wake. Chikanda dume ni ile inayokwaruza ulimi, jike ni yenye utelezi, na lazima uzichanganye ndipo chungu kigande. Halafu kulikuwa na moja aliyoiita ya peke yake, iliyoganda bila kuchanganywa, yenye ua la njano na madoa mekundu. Miaka yote ya kuchimba hakuwahi kuikuta mahali pengine, ila kwenye ubavu wa kilima chetu unaotota maji.

Basi kijiji kikapata mwekezaji wa kupanda mikaratusi, na kilima chote kikawa kimetajwa kwenye eneo atakalopewa. Akina mama wachimbaji wakalalamika mpaka wilayani. Afisa mmoja akawajibu kwa adabu kabisa kwamba wataalamu wakithibitisha pana mmea usiopatikana popote duniani, kilima kitaachwa. Bila hivyo, kile ni kichaka tu.

Nikamtafuta mtaalamu wa mimea niliyesoma naye chuoni. Akaja masika, akapiga magoti kwenye tope, akasema hajawahi kuiona. Alimweleza mama bila haraka: atachukua mmoja mzima, ua, jani na kiazi chake, ataubana kati ya magazeti ukauke, kisha ataulinganisha na ndugu zake wote waliohifadhiwa makabatini, hapa nchini na nje. Akijiridhisha kwamba haufanani na mwingine, ataandika maelezo yake na kuyachapisha pamoja na jina. Kabla ya hapo, kwa wanasayansi, mmea ule bado hauna jina. Mama alimsikiliza kwa heshima. Alipoondoka akaniuliza kama yule kijana ana akili timamu, maana jina lipo na yeye amelitamka siku nzima.

Tukakaa kusubiri. Kila nikienda nyumbani swali la kwanza lilikuwa kama jina limetoka. Mtaalamu alikuwa bado analinganisha. Alisema ukikosea unaharibu kazi ya wengi. Huku kijijini mwekezaji alikuwa ameshaanza kupima mipaka.

Jina likatoka. Halikutoka kwake.

Mtaalamu alinipigia, akanitumia picha. Ua letu, la njano, madoa yake yale yale, limechapishwa na mtu wa Ulaya, na neno la pili la jina lake limetaja Zambia. Mzungu yule alinunua viazi sokoni Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaenda kuvipanda kwao kwenye nyumba ya vioo, vikatoa maua. Kwenye sehemu ya asili ya mmea ameandika milima ya upande ule wa Zambia.

Nilipomwonyesha mama ile picha aliitazama, akakaa chini. Yeye alielewa kabla yangu. Chikanda haivuki mpaka bila kibali, na kibali hakuna aliyewahi kukiona. Akina mama wanavusha kwa vichochoro vya Tunduma, ndani ya madebe ya maharage, na wakishafika ng'ambo hakuna anayekiri zimetoka wapi. Ukiulizwa unaapa kwamba zimechimbwa kule kule Zambia. Mama ndiye aliyemfundisha hivyo mchuuzi wake wa Tunduma, anayevusha na kuuza Nakonde, siku ya kwanza kabisa walipoanza kufanya biashara. Mzungu aliuliza, mchuuzi akaapa kama alivyofundishwa, na kiapo chake kikawa sayansi.

Nikasema lirekebishwe. Mtaalamu akanieleza sheria za kwao: jina linalotangulia kuchapishwa kwa utaratibu ndilo linalobaki, hata kama linataja nchi isiyo yake. Angeweza kuandika kwamba mmea upo na huku, lakini kuandika, kukaguliwa na kuchapishwa ni zaidi ya mwaka. Afisa wa wilaya hakuwa na mwaka. Alisoma lile andiko, akasema mmea huu ni wa majirani, kwa hiyo sisi hatuna cha kulinda. Trekta likapanda kilima wiki ile ile. Mtaalamu naye akapata masomo nje, akaenda zake, na sijamlaumu, ingawa kumsamehe bado.

Sasa sikieni. Baadaye wazungu walirudi kuutafuta mmea wao ng'ambo, mlima kwa mlima. Bila shaka hawakuuona. Wakaandika kwamba huenda umeshatoweka kabisa porini. Nilimsomea mama habari hiyo jikoni kwake, yeye akacheka kicheko ambacho nisingependa kukisikia tena.

Masika yaliyofuata nilimkuta anatoka kilimani na kiganja kimoja cha viazi. Kati ya mistari ya mikaratusi, penye unyevu, alikuwa ameikuta michache imechanua. Ameichimba yote. Nilipaaza sauti, nikamwambia mama, hiyo ndiyo iliyobaki, tungeipiga picha, tungewaita. Yeye akazitwanga pamoja na karanga, akatia magadi na pilipili, akafunika sufuria.

"Wameandika haipo," akasema. "Mimi na wewe ni nani, mwanangu, tuwabishie?"

Ilipoganda akaikata vipande viwili, akanipa kikubwa. Nilikaa nacho mkononi, mwalimu mzima wa baiolojia, nikijua ninachokishika. Kisha nikakila chote.